Familia ya Haile Selassie iliishia wapi? Jinsi ya kuifuatilia bila kupotea

Nairobi kuna Haile Selassie Avenue, Dar kuna barabara ya Haile Selassie kule Oysterbay, na kwenye reggae jina lake halikauki, lakini muulize mtu watoto na wajukuu wa huyu mzee, mfalme wa mwisho wa Ethiopia, walienda wapi baada ya wanajeshi kumpindua 1974 utasikia majibu mawili tu: waliuawa wote, au wako Marekani wanakula raha. Hayo yote mawili sio. Hii familia imekimbia kwao mara mbili na imerudi mara mbili, na katikati kuna jela ya miaka kumi na minne ambayo watu hawaisemi kabisa. Naandika hii kwa mtu anayetaka kuifuatilia vizuri, iwe kwa kusoma au kwa kufunga safari mpaka Addis Ababa, manake habari zake kwenye intaneti zimechanganywa sana na mtu anaweza kusoma wiki nzima akatoka hajui nani mtoto wa nani.

Kosa kubwa ambalo watu wanafanya ni kuanza na swali la nani angekuwa mfalme leo. Ukianzia hapo unaingia kwenye mabishano ya taji na unawakosa wanawake, na wanawake ndio waliobeba hii historia mgongoni. Kwa hiyo mimi nakwambia anza na mtu mmoja tu, Tenagnework, binti mkubwa wa Mfalme kwa Malkia Menen. Mwandike katikati ya karatasi, wengine wote wazungushie yeye. Maisha yake yanapita kila mahali unapotaka kufika: 1936 Waitaliano wanaingia, familia inapanda treni mpaka Djibouti na kuishia Uingereza, mume wake Ras Desta Damtew anabaki kupigana kusini na Februari 1937 wanamkamata na kumpiga risasi, yeye anabaki mjane ugenini na watoto wadogo ambao ikabidi wasomee huko huko Uingereza. 1941 nchi inakombolewa, wanarudi nyumbani. 1974 anafungwa yeye na mabinti zake. 1988 anaachiwa, anaenda uhamishoni tena, London kisha Marekani, na 1999 anarudi Addis akiwa bibi wa miaka themanini na kitu. Novemba 2000 anamzika baba yake, na mwenyewe anafariki Aprili 2003. Ukiwa na huo mstari mmoja kichwani hutapotea tena, kila jina utakalokutana nalo utajiuliza tu huyu kwa Tenagnework ni nani, na jibu litakuja.

Alafu jifunze majina, na hapa nenda taratibu. Waethiopia hawana jina la ukoo kama sisi wengi tulivyozoeshwa shuleni, jina la pili ni la baba basi, kwa hiyo Selassie SI jina la familia. Ermias Sahle Selassie ni Ermias mtoto wa Sahle Selassie, na Sahle Selassie alikuwa mtoto wa mwisho wa Mfalme, yaani Ermias ni mjukuu. Aida Desta ni binti wa Ras Desta, kwa hiyo ni mtoto wa Tenagnework, ingawa ukiangalia jina lake huoni dalili yoyote ya ufalme. Zera Yacob Amha Selassie ni mtoto wa mrithi wa kiti. Na huyo mrithi mwenyewe ana majina mawili, alizaliwa Asfa Wossen, alipotangazwa mfalme uhamishoni akajiita Amha Selassie, sasa wewe ukikutana na hayo majina kwenye makala mbili tofauti utadhani ni watu wawili. Kibaya zaidi yupo Asfa-Wossen mwingine kabisa, Asfa-Wossen Asserate, mwandishi anayeishi Ujerumani, ambaye ni wa ukoo huohuo lakini tawi la pembeni, baba yake ni Ras Asrate Kassa. Nimeona picha ya mmoja imewekewa maisha ya mwingine, sio mara moja. Makonnen nao ni wengi: Ras Makonnen ni baba wa Mfalme, Makonnen Duke wa Harar ni mtoto wa Mfalme aliyekufa kwa ajali ya gari 1957. Vyeo usiviogope, Leul ni mwana wa mfalme, Leult ni binti, Ras na Dejazmach ni vyeo vya watawala na majemadari, Lij wanapewa vijana wa nyumba kubwa. Ukiona cheo kikate kwanza, tafuta jina, alafu jina la baba, ndio urudishe cheo.

Kitu kingine ni kalenda. Ya kwao iko nyuma ya hii yetu miaka saba au minane, na mwaka mpya ni tarehe 11 Septemba, mara nyingine 12. Kanuni ni rahisi: tarehe ikiwa kati ya mwaka mpya wao na mwisho wa Desemba toa saba, ikiwa kuanzia Januari mpaka kabla ya mwaka mpya wao toa nane. Jaribu na Mfalme mwenyewe, aliondolewa 12 Septemba 1974 na alikufa 27 Agosti 1975, kwetu ni miaka miwili tofauti ila kwao yote ni 1967, siku ya pili ya mwaka anaondolewa na kabla mwaka haujaisha amekufa. Kwa saa sisi tumebahatika, wao wanahesabu kama Waswahili, jua likichomoza linafuata saa moja, kwa hiyo ukiambiwa kanisa linafunguliwa saa mbili usianze kubadilisha kichwani kama mzungu, ni saa mbili ileile yako.

Sasa tufike 1974, hapa ndio pagumu na ndipo nakuomba usikimbie. Gawa familia mafungu matatu.

Fungu la kwanza waliouawa. Usiku wa 23 Novemba 1974 Derg, wale wanajeshi waliochukua nchi, waliua watu 60 kwa mkupuo, mawaziri, majenerali na makabaila, bila kesi yoyote. Humo alikuwemo Iskinder Desta, mtoto wa kiume wa Tenagnework aliyekuwa mkubwa kwenye jeshi la majini, alikuwemo Abiye Abebe ambaye zamani alimuoa Tsehai binti wa Mfalme, na alikuwemo Ras Asrate Kassa niliyemtaja juu. Kisha Mfalme mwenyewe Agosti iliyofuata, ndani ya jumba la Menelik, ikulu ya zamani ya Addis, na walichotangaza ni kwamba amekufa kwa ugonjwa. Mifupa yake ilikuja kufukuliwa 1992 hapo hapo kwenye jumba, baada ya Derg kuanguka.

Fungu la pili waliofungwa, na hili ndilo naomba ulikalie muda mrefu. Tenagnework. Binti zake wanne, Aida, Seble, Sophia na Hirut. Sara Gizaw, mjane wa Duke wa Harar. Ijigayehu, binti wa mrithi wa kiti. Hawa hawakuwa na jeshi wala hawakushtakiwa chochote mahakamani, walifungwa kwa sababu ya familia yao. Ijigayehu alifia kizuizini 1977 akaacha watoto, na mwaka huohuo kundi la vitukuu vya Mfalme lilitoroshwa kwa siri likavuka mpaka kuingia Kenya, watoto wadogo, hao ndio walianza maisha upya nchi za watu wakati bibi na mashangazi wako jela. Wanawake waliachiwa Mei 1988, wanaume wa familia wakatoka Septemba 1989. Piga hesabu mwenyewe mtoto aliyezaliwa siku wanakamatwa alikuwa darasa la ngapi siku wanatoka. Ukisoma makala ndefu ya familia hii na haina hata mstari mmoja wa hiyo jela, iache utafute nyingine.

Fungu la tatu waliokuwa nje mambo yalipoharibika. Asfa Wossen alipata kiharusi kikali Januari 1973 akapelekwa Ulaya kutibiwa, ndio pona yake. Derg walimtangaza kuwa atakuwa mfalme wa jina tu, hakukubali, na Machi 1975 wakafuta ufalme wote. Mtoto wake Zera Yacob alikuwa anasoma Oxford. Asfa Wossen alikaa London, 1989 watu wake wa uhamishoni wakamtangaza mfalme, baadaye akahamia Virginia Marekani na akafariki huko Januari 1997, mwili ukapelekwa Addis kuzikwa. Kuna wanaosema kurudi ukiwa kwenye jeneza sio kurudi, mimi sikubaliani nao kabisa, mtu aliyekaa nje miaka 24 mwili hauna nguvu na bado akataka alale kwao, hiyo ni kurudi.

Kwenye kurudi hakikisha unatenganisha mtu na taji. Waliorudi walirudi kama raia wa kawaida. Ethiopia ni jamhuri, ardhi na nyumba zilitaifishwa 1975, hakuna aliyepokelewa kwa kurudishiwa jumba. Kuna Baraza la Taji linaloongozwa na Ermias, makao yake Marekani, linafanya kazi za utamaduni na misaada, halina madaraka yoyote ya serikali. Zera Yacob alirudi kuishi Addis. Ukikuta mtu anakuandikia "mfalme wa sasa wa Ethiopia" jua anakupotosha. Na usilinganishe haraka na ya Zanzibar: Sultan Jamshid aliondoka Januari 1964, akaishi Uingereza zaidi ya miaka hamsini, 2020 akaruhusiwa kuhamia Oman, ila Zanzibar hakurudi kuishi mpaka amefariki 2024. Hawa wa Addis walifika nyumbani kwenyewe.

Ukiweza kusafiri, anza Arat Kilo, mtaa wa Addis, kwenye Kanisa Kuu la Utatu Mtakatifu. Ulizia kwanza kama wanapokea wageni siku hiyo, vua viatu, akina mama mjifunike kichwa. Mfalme na Malkia Menen wamelala ndani ya kanisa kwenye makaburi ya granaiti. Mfalme alizikwa 5 Novemba 2000, miaka 25 baada ya kufa, na serikali ya wakati ule ilikataa kuyafanya mazishi ya kitaifa, familia na kanisa ndio waliobeba. Baadhi ya Rasta, wanaomwamini kama Mungu, walikuja, wengine mpaka leo hawakubali kwamba alikufa, hilo usilibishie na mtu mlangoni pa kanisa. Nje tafuta ukumbusho wa wale 60, watu wengi wanaupita bila kujua ni nini, na kaburi la Sylvia Pankhurst, mwanamama wa Kiingereza aliyewapigania Waethiopia wakati wa Waitaliano.

Kutoka hapo panda mpaka Sidist Kilo, chuo kikuu. Jumba la Genete Leul lilikuwa nyumba ya Mfalme, akalitoa liwe chuo, sasa lina makumbusho na vyumba vya kulala vya Mfalme na Malkia bado vipo. Siku ya pili nenda jumba la Menelik, sehemu yake imefunguliwa tangu 2019 kwa jina la Unity Park, huko ndiko alikofungwa na kufia. Alafu nenda hata kwa nje tu makao makuu ya Umoja wa Afrika. Lile jengo refu lililozinduliwa Januari 2012 limesimama palipokuwa gereza kuu la Addis, Alem Bekagn, ambalo lilivunjwa 2007, na tangu Februari 2019 pana sanamu ya Haile Selassie kwa kazi yake ya kuanzisha OAU, umoja uliotangulia huu wa sasa. Watalii wanapiga picha sanamu na kuondoka, wewe simama umtaje Ijigayehu.

Kama uko Uingereza, Fairfield House iko Bath, nyumba waliyoishi kwenye uhamisho wa kwanza, Mfalme aliipa manispaa 1958 kwa ajili ya wazee. Ukiwa huko tafuta pia habari za Tsehai, binti wa Mfalme aliyesomea unesi London enzi za uhamisho, akarudi kuhudumia watu wake na akafariki kwa uzazi Agosti 1942, hospitali ikapewa jina lake Addis. Na Romanework, binti wa Mfalme aliyezaliwa kabla hajamuoa Menen, yeye hakufika Uingereza, Waitaliano walimchukua na watoto wake akafia Turin 1940. Huyu husahaulika kwenye karibu kila orodha, kwa hiyo kwenye karatasi yako mwandike kwa kalamu nzito.

Mwisho, ukibahatika kukutana na mmoja wao, kwenye mhadhara au msiba au popote, msalimie kama unavyomsalimia mkubwa yeyote, usimpigie goti na usimuulize lini ufalme utarudi. Muulize kuhusu bibi yake. Na kama anayeongea alikuwa jela, mambo ya jela aanze mwenyewe, wewe usimvute, na simu iache mfukoni mpaka akuruhusu kurekodi.