Mkongwe wa fani yenu hataki kublogu? Mwanzishie hivi

Kila fani ina yule mtu ambaye kazi ikiwashinda wote mnasema mpigieni yeye, sasa mwambie fungua blogu bana andika haya mambo, atakujibu "mi sio mwandishi" au "ah hayo si kila mtu anayajua". Wengi mnaishia hapo. Shida iko kwenye mnavyomuomba.

Usimwambie aandike. Muulize swali moja la kazi, lile linalosumbua kweli, na umwambie ajibu kwa voisi WhatsApp. Chukulia fundi umeme, ukimwambia "tueleze kuhusu umeme" atakupa mambo ya darasani, ila muulize kwa nini breka inajizima siku za mvua tu afu jua likitoka inakaa vizuri, utamsikia anaanza na soketi ya nje, boksi la maungio limeingia maji, umeme unavuja kwenda ardhini, zima kabisa kwanza ndo ufungue... dakika chache tu posti imepatikana. We kazi yako kuichapa, na usiinyooshe sana, maneno yake ya kazini yaache hivyo hivyo.

Afu mrudishie aisome. Hapa ndo patamu, maana mtu mzoefu akiona maelezo yake yameandikwa hawezi kunyamaza, "aah hapa umeruka kitu", na akishaanza kusahihisha ujue ameshaanza kuandika bila kujijua. Mtafute pia mgeni wa kazi asome aseme kakwama wapi, kwa sababu mkongwe kuna hatua anazifanya bila hata kuziwaza na ndo hizo hizo anayejifunza anazitafuta.

Mambo ya platfomu, yaani huduma ya kuwekea blogu, yasiwachoshe. Blogger ni bure, inataka akaunti ya Google tu, WordPress nayo ipo toka 2003 na ukitaka kuhama unatoka na maandishi yako. Chagueni moja, mabishano ya rangi baadae.

Kinachomzuia kweli mara nyingi hasemi: anamuogopa bosi, au mteja ajitambue kwenye stori. Na ana haki ya kuogopa. Asome mkataba wake wa kazi unasemaje kuhusu siri za ofisi na vitu anavyotunga. Mteja asitajwe, na kubadili jina peke yake haitoshi kama kila kitu kingine kinamuonyesha ni nani. Picha nazo, faili la picha ya simu linaweza kubeba mpaka mahali ilipopigwa, azime lokesheni ya kamera kabla hajapiga.

Usimbane na ratiba ya kila wiki, atakukimbia. Kila akikutana na kazi iliyomtoa jasho inatosha. Na habari za wasomaji wangapi wameingia usimpelekee mapema, subiri mtu amuulize tena lile swali la breka, mwambie asieleze chochote, atume linki tu. Akishaonja raha ya kutorudia maelezo yale yale, voisi ya pili atakutumia kabla hujaomba.