Fomu W-4 ya mfanyakazi ikiwa batili: mwajiri wa Marekani afanye nini

Ukimwajiri mtu Marekani, makato yake ya kodi ya mapato ya serikali ya shirikisho hutegemea karatasi moja anayoijaza mwenyewe: Fomu W-4. Karatasi hiyo ikiwa na kasoro, siku ya malipo haisogei. Utalipa, utakata kodi, na kanuni za IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, zimeshaweka kipimo cha kukata. Taabu huanza pale mwajiri anapojibunia njia yake. Yuko anayeacha kukata kabisa akingoja fomu nyingine, yuko anayezuia hundi, na yuko anayechukua kalamu akaisahihisha fomu ya mtu mwingine. Usifanye lolote kati ya hayo.

Fomu batili ni ipi

W-4 isiyo na sahihi haina nguvu. Fomu yenyewe inasema hivyo kwenye Hatua ya 5. Ni batili vilevile mfanyakazi akifuta maneno yaliyochapwa, au akiongeza yasiyoombwa. Mfano wa wazi ni mtu anayepiga mstari juu ya tamko la Hatua ya 5, lile la kuthibitisha kwamba aliyoyaandika ni kweli, kwa adhabu ya kiapo cha uongo. Mfano mwingine ni yule anayeandika pembeni, "Nikateni $40 tu kila hundi." Mfanyakazi haruhusiwi kujipangia kodi yake kwa kiasi maalumu au kwa asilimia. Kwa dola kamili anaweza kuomba nyongeza tu, katika Hatua ya 4(c), juu ya kile kilichotoka kwenye jedwali la makato la IRS.

Kuna ubatili mwingine ambao huuoni kwa macho. Mfanyakazi akikukabidhi fomu huku akikuambia, "Hao watoto si wangu, nimewaweka kodi ipungue," fomu hiyo ni batili hata kama imejazwa vizuri. Lakini asiposema neno, si kazi yako kumhoji ana watoto wangapi au mwenzi wake anapata kiasi gani. Wewe unakagua fomu. Ukweli wa maelezo ni juu yake, na maelezo ya uongo yasiyo na msingi yanaweza kumletea yeye faini ya $500.

Maneno mengine yaliyoandikwa kwa mkono hayabatilishi kitu, maana yanatakiwa. Mwanafunzi mwenye visa ya F-1 ambaye kikodi si mkazi huandika herufi NRA (yaani mgeni asiye mkazi) chini ya Hatua ya 4(c), na kwa kawaida huchagua kisanduku cha mseja hata kama ana ndoa. Msimrudishie fomu kwa hilo. Aliyeingia kwa bahati nasibu ya visa na ana kadi ya kijani hayumo katika kundi hili; yeye ni mkazi na hujaza kama raia.

Angalia pia namba ya Social Security, yaani ya hifadhi ya jamii. Namba inayoanza na tarakimu 9 huenda ni ITIN, namba ya mlipakodi asiye na ya Social Security, na ITIN haikubaliki mahali pa namba ya Social Security kwa ajira. Na ukikuta visanduku viwili vimetiwa alama katika Hatua ya 1(c), pa hali ya ndoa, usikisie alichokusudia. Mpe fomu safi.

Siku ile unapoigundua

Usiitumie fomu hiyo kukokotoa chochote. Andika juu ya nakala tarehe uliyoipokea na sababu ya kuikataa, kisha mjulishe mfanyakazi kwa maandishi. Simu peke yake haiachi ushahidi. Ujumbe mfupi unatosha:

"Habari za leo. Fomu W-4 uliyoileta tarehe 3 Machi haiwezi kutumika kwa sababu tamko la Hatua ya 5 limekatwa kwa kalamu. Tafadhali jaza fomu mpya niliyoambatisha, uitie sahihi na tarehe, bila kubadilisha maneno yaliyochapwa. Hadi tutakapoipata, tutakata kodi kwa utaratibu wa mtu asiye na fomu halali."

Taja kasoro yenyewe, kama hapo juu. Ukisema tu "fomu yako ina makosa," ataleta nyingine yenye kosa lilelile.

Ukate kiasi gani

Kwanza fungua faili. Kama mfanyakazi huyo aliwahi kukuletea W-4 halali kabla ya hii, endelea kukata kwa ile ya zamani. Hata ikiwa ya 2017, yenye hesabu ya posho za kodi zilizoondolewa fomu ilipobadilishwa mwaka 2020, bado ina nguvu. Katika mfano wa ujumbe hapo juu, sentensi ya mwisho kwa mtu huyu ingesema mtakata kwa fomu yake iliyotangulia.

Kama hakuna iliyotangulia, na mshahara wake wa kwanza kwako ulilipwa 2020 au baadaye, mchukulie kama mseja, au mwanandoa anayejaza ritani yake peke yake, asiyeandika chochote katika Hatua za 2, 3 na 4. Aliyeanza kulipwa kabla ya 2020 bila kuwahi kuleta fomu anahesabiwa kuwa mseja mwenye posho sifuri.

Uone tofauti kwa fedha. Mfanyakazi wa $2,000 kila wiki mbili, kwa jedwali la asilimia la 2025 katika Chapisho 15-T, kitabu cha IRS cha majedwali ya makato, hukatwa $161.60 akihesabiwa mseja asiye na maingizo mengine. Angeleta fomu halali ya wanandoa wanaojaza ritani pamoja, angekatwa $84.62. Hiyo ni karibu $77 kila hundi, na atakuja kukuuliza. Mweleze kwamba hujamwadhibu, na kwamba kilichozidi atakihesabia kwenye ritani yake ya mwaka. Usimrudishie mwenyewe kutoka kwenye mishahara iliyopita, kwa sababu ulikata sawasawa.

Makato ya Social Security, 6.2%, na Medicare (bima ya afya ya wazee), 1.45%, hayasomi W-4. Anayeyadaiwa anaendelea kukatwa kama kawaida. Kodi ya jimbo nayo ina utaratibu wake: Minnesota ina fomu yake W-4MN, Texas haina kodi ya mapato ya mtu binafsi. Ukirekebisha upande wa shirikisho, usidhani programu ya mishahara imerekebisha na wa jimbo.

Fomu sahihi ikija

Ikiwa inachukua nafasi ya fomu halali ya zamani, lazima ianze kutumika si zaidi ya mwanzo wa kipindi cha kwanza cha malipo kinachoishia siku ya 30 au baada yake, tangu ulipoipokea. Tuseme, kwa mfano mwingine, fomu sahihi umeipokea Machi 3; siku ya 30 ni Aprili 2. Vipindi vyako vinaishia Machi 14, Machi 28 na Aprili 11. Basi mwisho wako ni kipindi kinachoanza Machi 29. Unaweza kuanza mapema, na ni vizuri ukianza. Kama hakuwa na fomu yoyote halali kwako, hiyo mpya inaanza kwenye kipindi kinachoishia siku aliyoileta au baadaye.

Unapoingiza takwimu kwenye programu, kuwa makini na jambo moja linaloumiza watu: kiasi cha Hatua ya 3 (punguzo la kodi kwa wategemezi) ni cha mwaka mzima, lakini cha 4(c) ni cha kila hundi. $4,000 ya Hatua ya 3 ikigawanywa kwa hundi 26 inapunguza kodi kwa $153.85 kila mara. Ikiingizwa kimakosa kwenye 4(c), mtu anaweza kupata hundi tupu.

Msamaha na barua ya IRS

Anayedai kusamehewa makato huleta fomu mpya kila mwaka. Ya zamani inakoma Februari 15 ya mwaka unaofuata. Asipoleta, anza kumkata kama mseja asiye na maingizo mengine. Akileta Februari 20, itumie kwa mishahara ijayo bila kurudisha ulichokwisha kukata.

IRS ikikutumia barua ya kufunga makato, yaani inayokupangia jinsi ya kumkata mfanyakazi fulani, ifuate hiyo kuanzia tarehe iliyotajwa ndani yake, na mpe mfanyakazi nakala yake ndani ya siku 10 za kazi. Baada ya hapo, W-4 yoyote inayopunguza makato kuliko barua usiitumie. Akitaka nafuu awaandikie IRS mwenyewe. Inayoongeza makato, ipokee. Kama wafanyakazi wako hubadilisha W-4 kwenye mtandao, mfungie huyo njia ya kupunguza.

Bila ombi la maandishi kutoka IRS, W-4 hazipelekwi huko. Zitunze, pamoja na ile batili na ujumbe wako, kwa angalau miaka 4 tangu kodi ilipotakiwa au ilipolipwa, lolote lililochelewa. Ukikutwa hukukata ulichopaswa, deni ni lako wewe mwajiri. Mfanyakazi akiwa ameshailipa kodi hiyo kwenye ritani yake, mwombe akusainie Fomu 4669 ya kuthibitisha hilo, kisha uipeleke pamoja na Fomu 4670 kuomba uondolewe kodi hiyo.