Chumvi ya madini kwa ng'ombe wa nyama: cha kutazama kwenye mfuko

Ng'ombe anayeishi kwa majani ya mbugani hupungukiwa kwanza na chumvi ya kawaida na fosforasi. Kwa hiyo usivutiwe na orodha ndefu ya madini kwenye lebo. Tafuta asilimia ya fosforasi. Ikiwa 8 au zaidi, endelea kusoma. Kalsiamu isizidi sana mara mbili ya fosforasi. Mfuko wenye kalsiamu nyingi mno mara nyingi umejazwa chokaa, kitu cha bei rahisi.

Jiwe jekundu la kulamba huwadanganya wengi. Wekundu ule ni oksidi ya chuma, na chuma kwenye udongo wetu mwekundu kimejaa tele. Kikizidi huzuia shaba isifyonzwe. Tena jiwe likiwa gumu, ulimi haupati cha kutosha. Unga ni bora. Magadi nayo hutoa sodiamu, fosforasi hayana.

Mtazame ng'ombe mwenyewe. Akitafuna mifupa, shida kwa kawaida ni fosforasi, na mfupa wa mzoga unaweza kumpa sumu ya botulizimu, akapooza na kufa. Nywele nyeusi zikigeuka kahawia, shuku shaba. Ndama akizaliwa na uvimbe kooni, shuku iodini. Maeneo ya Nakuru yanajulikana tangu zamani kwa upungufu wa kobalti: ng'ombe hukonda huku majani yapo.

Ukitaka kuchanganya mwenyewe, chukua dikalsiamu fosfati ya mifugo kilo 50 na chumvi kilo 50. Utapata fosforasi kama asilimia 9. Mchanganyiko huu hauna shaba, zinki wala kobalti, basi ongeza kifurushi cha madini hayo kwa kipimo cha mtengenezaji. Usitumie fosfati ya mbolea, kama ile ya mawe ya Minjingu: ina floraidi nyingi, huharibu meno na mifupa.

Kadiria gramu 60 kwa ng'ombe mkubwa kwa siku. Ng'ombe 20 hula kilo 8.4 kwa wiki, hivyo mfuko wa kilo 25 unakwisha kwa wiki tatu. Linganisha bei kwa hesabu hiyo, si kwa bei ya mfuko. Pima kinachobaki kila wiki. Wiki ya kwanza watakula kupita kiasi kwa uchu wa chumvi. Wakiendelea hivyo, ongeza chumvi kwenye mchanganyiko, maana ikizidi huwakinaisha. Wakisusa, pengine maji yao yana chumvi: punguza chumvi, tia pumba kidogo.

Fosforasi hulipa zaidi masika, majani yakiwa mabichi na mwili unaongezeka. Kiangazi kikali kinachowabana zaidi ni protini, kwa hiyo fedha ielekee kwanza kwenye mashudu.

Hori liwe na paa, karibu na maji. Mvua ikiingia, ng'ombe atakunywa maji ya chumvi na kudhurika. Kondoo wasilifikie: kiwango cha shaba kinachomfaa ng'ombe huua kondoo.