Chenso ya mtumba: fungua ekzosi kabla ya kuongea bei

Mnaotafuta chenso (misumeno ya injini) za mtumba Gerezani, Dar es Salaam, na kwingine, kabla hujaanza kubishana bei mwambie muuzaji afungue ekzosi, ni boliti mbili tatu tu, ila mashine iwe ya baridi. Vuta kamba ya kuwashia taratibu huku unamulika tundu la moshi na tochi ya simu, utaiona pistoni ikipita. Ikiwa laini inang'aa, haya ongea bei. Ukiona mikwaruzo ya wima imechimba achana nayo hata kama inawaka mvuto mmoja, maana upande wa ekzosi ndo wenye joto kali na mashine iliyonyimwa oili kwenye petroli (mchanganyiko wa 50:1 ni mililita 20 za oili kwa lita moja) mara nyingi huanza kuumia hapo hapo, na hata uchezee kabureta mpaka kesho kompresheni (nguvu ya pistoni kubana hewa) hairudi. Ile ya kuining'iniza mashine kwa kamba ya kuwashia uone kama inakaza, yaani haishuki haraka, sio ushahidi, wajanja wanadondoshea oili kwenye tundu la plagi inakaza kwa muda tu.

Sasa hii haionyeshi kila kitu. Upande wa kabureta, ambako vumbi lililopita filta mbovu ndo linakula pistoni, huuoni vizuri, beringi na sili za krenki ndo kabisa. Kwahiyo ikipita iwashe, ipate moto, zima, washa tena. Silensa (mzunguko wa injini ikiwa imewaka bila kubonyezwa mafuta) ikipanda yenyewe bila kuguswa, mara nyingi ujue kuna sehemu inavuta hewa, usikubali kuambiwa "hiyo skrubu tu bosi", yaani ya kabureta.