Kikorea: sikiliza kwenye tamthilia, zungumza na akili mnemba

Wanaotaka kuanza Kikorea huniuliza sana swali hili: nilipie huduma ya kutazama tamthilia, au nilipie programu ya akili mnemba? Jibu langu lina upande. Lugha yenyewe ichukue kwenye tamthilia. Programu ipe kazi ya kukuzungumzisha, kukusahihisha na kukujibu maswali kuhusu ulichokisikia. Anayeifanya programu kuwa ndiyo chemchemi ya lugha huishia na Kikorea kilichonyooka sana, ambacho hakuna mtu anayekiongea na dada yake.

Ila kabla ya vyote, Hangul, yaani maandishi ya Kikorea. Herufi za msingi ni 24: konsonanti 14 na irabu 10. Mfalme Sejong alizikamilisha mwaka 1443 na kuzitangaza 1446, akitaka watu wa kawaida wasiojua maandishi ya Kichina nao waweze kusoma na kuandika. Ndiyo maana ni rahisi: ㄱ inafuata umbo la ulimi unapoziba nyuma ya kinywa, ㄴ inafuata ncha ya ulimi inapogusa nyuma ya meno ya juu. Siku chache zinatosha kuzitambua zote. Usiruke hatua hii ukategemea herufi za Kilatini, kwa sababu zinatuponza sisi wasomaji wa Kiswahili tuliozoea kutamka kila irabu tunayoiona. Ukikuta "Seoul" utasoma se-o-ul, kumbe 서울 ni silabi mbili tu, na hiyo "eo" ni irabu moja, ㅓ, iliyo karibu na "o" ila midomo haiviringwi. "Eu" nayo ni irabu moja, ㅡ: sema "u" huku midomo umeitandaza kama unayetaka kusema "i". Hapa nitaandika Kilatini pembeni ili usipotee, lakini wewe soma Hangul.

Sasa uchaguzi wa tamthilia. Achana kwanza na za kifalme. Zinapendeza mno, ila watu wake wanaongea lugha ya ikulu ya zamani, na hutapata wa kumwita 전하 (jeonha), yaani "mtukufu mfalme". Za waendesha mashtaka na madaktari bingwa zina msamiati mzito ambao hata Wakorea wengine wanausikia kwenye runinga tu. Tafuta hadithi ya familia, ya majirani, ya ofisi ndogo au ya wanafunzi. Humo watu wanakula, wanadaiana, wanachelewa, wanaombana radhi. Tamthilia nyingi zina vipindi 16 vya saa moja hivi, kwa hiyo moja tu inakutosha kwa muda mrefu. Kuna pia vipindi vya burudani, vile vya wasanii kucheza michezo na kusafiri pamoja, ambavyo huchapa kwenye picha yenyewe maneno mengi yanayosemwa, kwa Hangul kubwa za rangi. Ukishajua kusoma, hivyo ni dhahabu.

Namna ya kutazama ndiyo inayotenganisha anayejifunza na anayejiburudisha. Kipindi kitazame kwanza kizima, kwa sauti ya Kikorea, na maandishi ya chini ya skrini katika lugha unayoielewa. Furahia hadithi, usisimamishe. Kisha chagua kipande cha dakika moja au mbili ambacho watu wawili wanaongea kwa utulivu, ukirudie siku inayofuata ukiwa umeyazima maandishi yote. Andika kwa Hangul unachokisikia, hata kama ni nusu. Baada ya hapo washa maandishi ya Kikorea na ulinganishe. Netflix inakuruhusu kupunguza kasi hadi 0.75 au 0.5, mimi hutumia 0.75, kwa sababu 0.5 inaharibu mdundo wa sentensi. Unayetumia kompyuta unaweza kuongeza Language Reactor kwenye kivinjari cha Chrome, ikuoneshe maandishi ya lugha mbili kwa pamoja na kukurudisha mwanzo wa sentensi kwa kubofya mara moja.

Kulinganisha huko ndiko kunakofundisha, maana Kikorea kinaandikwa hivi na kutamkwa vingine. 합니다 inasikika "hamnida", 같이 inasikika "gachi", 좋아요 inasikika "joayo", 한국말 inasikika "hangungmal". Kanuni zake zipo na zinasomeka kwa mchana mmoja, ila sikio huzikubali baada ya kuzisikia kwa watu wengi tofauti: mzee anayenong'ona, mtoto anayelia, bosi anayefoka. Sauti ya programu ni safi, na haijawahi kuongea huku inatafuna chakula.

Tuchukue sentensi moja tuione kwa karibu. Kijana amerudi nyumbani ameloa chapachapa, asubuhi alikataa kubeba mwavuli. Dada yake anafungua mlango, anamtazama, anasema: 내가 말했잖아 (naega malhaetjana). Maneno mawili. 내가 ni "mimi", 말했 ni "nilisema". Na ile 잖아 ya mwisho? Ni ile "si" tunayoitanguliza tunaposema "Si nilikwambia!" Msemaji anamrudisha mwenzake kwenye jambo wanalolijua wote wawili. Viishio vya namna hii, 잖아, 거든, 네, ndivyo vinavyobeba hisia za Kikorea, na masomo ya mwanzo ya programu nyingi hayavigusi. Tamthilia inakupa kiishio pamoja na uso, sauti, na mtu anayeambiwa.

Hapo sasa, ukiwa na sentensi yako mkononi, fungua programu. Inaweza kuwa ChatGPT, Gemini au nyingine yoyote inayoongea Kikorea kwa sauti. Usiiambie "nifundishe Kikorea", maana itakuletea salamu na majina ya matunda. Iambie hivi: "Nimesikia 내가 말했잖아. Dada mkubwa anamwambia mdogo wake aliyeloa mvua. Nieleze kila kipande kwa Kiswahili, kisha nionyeshe ingekuwaje kama angekuwa anamwambia bosi wake." Ikishajibu, endelea: "Sasa wewe ni dada yangu mkubwa. Nimesahau funguo. Tuongee kwa banmal (lugha ya watu wa karibu), sentensi fupi, na usinisahihishe mpaka nitakaposema basi." Ukisema basi, iombe ikutajie makosa matatu makubwa tu. Ukiachia ikusahihishe kila neno utakata tamaa, na ukiacha kuiomba kabisa itakusifia hata ulipoboronga. Programu hizi zina tabia ya kusifia. Lazima uziagize ziwe kali.

Faida nyingine ya programu ambayo wengi hawaitumii: iombe itafsiri kutoka Kikorea moja kwa moja kuja Kiswahili. Maandishi ya Kiingereza mara nyingi huweka jina la mtu pale ambapo msemaji amesema 오빠 (oppa), yaani kaka anavyoitwa na mdogo wake wa kike, au 형 (hyeong), kaka anavyoitwa na mdogo wa kiume. Watafsiri wa kujitolea wa Viki, huduma ya kutazama tamthilia mtandaoni, mara nyingi huyaacha maneno hayo yalivyo, na ni sababu mojawapo ya kuwapenda. Kiswahili hakisumbuki na mambo haya: kaka, dada, shangazi, mzee, mwalimu, sisi wenyewe tunaitana hivyo kutwa. Agiza tafsiri ibakishe vyeo na undugu, na utaona hadithi ikibadilika mbele ya macho yako.

Kwenye adabu ndipo ninapoisimamia tamthilia kwa nguvu zote. Ngazi tatu utakazokutana nazo sana ni banmal ya watu wa karibu, 해요 ya heshima ya kila siku, na 합니다 ya rasmi. Programu itakuorodheshea vizuri kabisa. Lakini nani anahama ngazi gani, lini, na mwenzake anapokeaje? Hilo litazame. Katika tamthilia nyingi kuna tukio ambapo watu wawili waliokuwa wanaheshimiana wanaulizana umri, kisha mkubwa anaambiwa 말 편하게 하세요 (mal pyeonhage haseyo), "ongea tu kwa uhuru". Tangu hapo sarufi yao yote inabadilika. Angalia pia anayekataa kuhama, na uchungu wa aliyekataliwa. Kwa zile zilizotengenezwa zamani, kumbuka umri wanaotajiana huwa wa hesabu ya Kikorea, ya kuanza na mwaka mmoja siku ya kuzaliwa na kuongeza mwingine kila Januari 1. Sheria iliyoanza Juni 2023 ndiyo iliyounganisha hesabu za umri katika nyaraka za serikali ili zifuate hesabu ya kimataifa.

Nayo tamthilia ina mitego yake. Watu wa humo wanagombana kuliko watu wa kawaida. Ukiiga kila unachosikia utamwita mgeni 야 (ya, "we!") au 너 (neo, "wewe" ya watu wa karibu), na utakuwa umemtukana. Kwa hiyo kila sentensi unayoipenda, iulizie swali moja: nani anaweza kumwambia nani? Programu itakujibu, na jibu lake lithibitishe. Taasisi ya Taifa ya Lugha ya Kikorea ina kamusi ya bure ya wanaojifunza, 한국어기초사전, yenye maana na mifano, pamoja na tafsiri za lugha kadhaa zikiwemo Kiingereza, Kifaransa na Kiarabu. Kamusi ya mtandaoni ya Naver nayo ina mifano mingi.

Chunga hasa neno 당신 (dangsin). Programu za kutafsiri mara nyingi hulipachika zinapoona "wewe". Wakorea wanaozungumza ana kwa ana hulitumia zaidi kati ya mume na mke, au pale wanapotaka kumkabili mtu kwa hasira. Kwa kawaida humwita mtu kwa cheo au jina lake, au hawataji kabisa. Sikiliza tamthilia yako uone mara ngapi "wewe" haipo.

Matamshi nayo yanahitaji uangalifu ninaotamani kila mwanafunzi aupate mapema. Kikorea kina konsonanti zinazokwenda tatu tatu: 달 (dal) ni mwezi wa angani, 탈 (tal) ni kinyago, 딸 (ttal) ni binti. La pili linatoka na pumzi, la tatu linabanwa kooni bila pumzi. Programu nyingi za mazungumzo hubadilisha sauti yako kuwa maandishi, tena zinasaidiwa na muktadha. Ukisema "nina 탈 wawili wanasoma shule" itaandika 딸 na kuendelea kuzungumza nawe kwa furaha, wewe ukidhani umetamka sawa. Dawa yake ni kutamka neno moja moja, bila sentensi. Weka kibodi ya Kikorea kwenye simu, bonyeza maikrofoni, sema 방 (bang, chumba), kisha 빵 (ppang, mkate), uone inaandika nini. Halafu rudi kwenye kipande chako cha tamthilia, kifuatishe kwa sauti sambamba na mwigizaji, jirekodi, sikiliza rekodi mbili kwa kufuatana. Sikio lako mwenyewe ndilo hakimu mkali zaidi, ukilipa nafasi.

Kuna eneo moja ambalo tamthilia haina cha kukupa: kuandika. Anayejiandaa kwa TOPIK II, mtihani wa kupima Kikorea cha wageni, atakutana na maswali ya kuandika kuanzia la 51 hadi la 54, na la mwisho linataka insha ya herufi 600 hadi 700, kwa mtindo wa maandishi unaoishia na 다. Hakuna anayeongea hivyo akiwa mezani na familia. Hapo akili mnemba ndiyo rafiki yako mkubwa: andika mwenyewe kwanza, ipe, iambie isiandike upya bali ipigie mstari penye kosa na kutaja kanuni. Ukiiachia ikuandikie, utasoma insha nzuri ya mtu mwingine.

Kuhusu muda, usimwamini anayekuuzia ufasaha wa miezi mitatu. FSI, chuo cha wanadiplomasia wa Marekani, kimekiweka Kikorea kwenye kundi la lugha ngumu zaidi kwa wazungumzaji wa Kiingereza, takriban saa 2,200 za darasani. Sisi tuna njia yetu na ugumu wetu, lakini safari ni ndefu, na tamthilia unayoipenda kweli ndiyo itakayokurudisha kwenye daftari siku ambayo huna hamu.

Kabla ya kulipia programu yoyote ya mwaka mzima, ipime kwa mambo matatu ukiwa bado kwenye kipindi cha bure. Iombe muongee kwa banmal, uone kama baada ya dakika tano haijarudi kwenye 해요 yenyewe. Iulize kama unaweza kumwita mwalimu wako 당신. Ikisema ndiyo, ifute. Mwisho, iandikie 할머니가 밥을 먹었어요, "bibi amekula", ukiiambia kwamba unamzungumzia bibi yako kwa heshima. Programu nzuri itakwambia sentensi inaeleweka ila heshima ya bibi inakosekana, na kukupa 할머니께서 진지를 드셨어요, huku ikikueleza kwamba kiambishi, jina la chakula na kitenzi vyote vitatu vimebadilika. Ikikujibu "vizuri sana" na kusonga mbele, usiilipie.