Leseni ya majaribio ya redio kwa kifaa cha kusaka magari ya wizi Marekani: namna ya kuihuisha

Kabla hujafungua fomu yoyote, chukua leseni uliyonayo uisome upya, mstari kwa mstari, pamoja na masharti yaliyoandikwa kwa maandishi madogo mwishoni. Mimi ndiye ninayeandaa maombi haya kwenye kampuni yetu ndogo ya visambazaji vya kufichwa ndani ya gari, na kazi huanza hapo kila mara. Naandika pembeni alama ya wito ya kituo, masafa, nguvu kwa wati, eneo la majaribio na misimbo ya aina ya mawimbi. Kwenye misimbo hiyo angalia herufi K kwa makini, maana imekaa mahali pa nukta: 11K2 ni upana wa kilohezi 11.2. Kisha nawaendea mafundi wa uwanjani nawauliza wanachokirusha hewani leo, si walichopanga kukirusha mwaka tulioomba.

Vikilingana, unahuisha kwa Fomu 405 ya Tume ya Mawasiliano ya Marekani, FCC. Kikitofautiana hata kimoja, mathalani antena imepandishwa juu zaidi au mji mwingine umeongezwa, hapo unaomba marekebisho ya leseni, na hayo yana Fomu 442. Usijaribu kupenyeza badiliko ndani ya maelezo ya Fomu 405.

Muda wa kawaida wa leseni hii ni miaka 2. Unaweza kuomba hadi miaka 5 ukieleza sababu, na kuhuisha nako hakuzidi miaka 5. Kanuni za FCC zinataka ombi lifike angalau siku 60 kabla leseni haijaisha. Kwa vifaa vyetu mimi huziona siku hizo chache mno. Megahezi 173.075, masafa ya kusaka magari yaliyoibwa, yamo katika bendi ya 162 hadi 174 inayotumiwa na serikali kuu. FCC haikati shauri peke yake hapo. Lazima ishauriane na NTIA, wasimamizi wa masafa ya serikali. Swali moja kutoka kwao linaweza kulala mezani wiki nyingi. Anza miezi sita mapema.

Sasa tufike kwenye maelezo ya kwa nini unahitaji kuendelea, maana hapa ndipo ombi linaposimama au kuanguka. Masafa ya 173.075 yana kanuni zake za kudumu tangu 1989, miaka michache baada ya LoJack, mfumo wa kusaka magari yaliyoibwa, kuanza kazi jimbo la Massachusetts. Kwa hiyo mkaguzi ana haki ya kuuliza: kama kanuni ipo, mbona wewe bado uko kwenye majaribio? Jibu kwa kutaja kipengele ambacho kanuni haikiruhusu. Kwa kawaida kifaa kilichomo ndani ya gari hutoa mlio mfupi kila baada ya sekunde kadhaa, na polisi wakishaanza kulifuatilia gari, mara nyingi zaidi. Ikiwa unajaribu mpangilio mwingine ili magari mengi yaliyoibwa yasikike kwa wakati mmoja bila kuzibana sauti, sema hivyo waziwazi, kisha onyesha umefika wapi.

Usiandike "majaribio yanaendelea vizuri". Sentensi hiyo haina kitu ndani yake. Andika kwamba katika maegesho ya chini ya ardhi mawimbi yalififia kuanzia ghorofa fulani, kwamba mmehamisha kifaa kutoka chini ya dashibodi, kwamba bado hamjapima gari lililofungiwa ndani ya kontena la chuma, na kwamba kipimo hicho kinahitaji muda gani. Lililoulizwa, lililopatikana, lililobaki, na tarehe ya kulimaliza. Matokeo mabaya yaweke pia. Jaribio lililoshindwa ni sababu nzuri kabisa ya kuomba muda, na ninayapenda maombi yanayosema hivyo bila kuficha.

Usisahau majirani. Leseni ya majaribio haikupi ulinzi wowote dhidi ya mwingiliano, na ukimsumbua mwenye leseni ya kudumu unazima mara moja. Jirani wa karibu ni chaneli 7 ya televisheni, inayoanzia megahezi 174. Kanuni za kudumu zinadai uchambuzi kwa kila kituo kilicho ndani ya kilomita 169 kutoka mtambo wa chaneli hiyo; mimi huuambatisha hata kwenye ombi la majaribio, kwa sababu unajibu swali kabla halijaulizwa. Taja pia mtu wa kupigiwa simu mwenye uwezo wa kuzima mtambo saa hiyohiyo. Ipige namba hiyo mwenyewe kabla ya kutuma. Nimewahi kuona ombi la kampuni moja likibeba namba ya mtu aliyekwisha kuacha kazi.

Jambo jingine nalisema kwa uzito: leseni hii si ya biashara. Ikiwa wenye magari wanakulipa ada ya ulinzi, kuna utaratibu wake wa majaribio ya sokoni na unapaswa kuuombea. Mtu anayelipa anaamini gari lake litapatikana, na si haki kumwekea imani hiyo juu ya mtambo unaoweza kuamriwa kuzimwa leo.

Kutuma kwenyewe ni kwepesi. Hakikisha namba ya usajili ya kampuni, FRN, iko hai, ingia kwenye ELS, mfumo wa FCC wa mtandaoni wa leseni za majaribio, chagua Fomu 405, ambatisha maelezo yako, lipa. Malipo yasipofika, ombi halisogei. Kumbuka kwamba faili hizi husomwa na yeyote, hivyo michoro ya siri iweke kwenye faili lake, pamoja na ombi la usiri lenye sababu. Utapewa namba yenye herufi EX-CR. Ihifadhi, na kagua barua pepe kila siku.

Leseni ikiisha kabla hujawasilisha ombi, zima mtambo. Unarudi mwanzo kwa Fomu 442. Kama kuna jaribio lisiloweza kungoja, omba kibali maalumu cha muda, kisichozidi miezi 6, angalau siku 10 kabla ya kuanza kurusha mawimbi.

Leseni mpya ikitoka, ilinganishe na ya zamani neno kwa neno, kwa sababu sharti jipya laweza kuongezwa bila mtu kukupigia simu. Kisha mpe nakala kila dereva wa gari la majaribio, na uikusanye ile ya zamani.