Kupunguza silikoni ili itoe utando mwembamba

Ukitaka kupaka silikoni ya kuziba nyufa, ile yenye harufu ya siki, iwe utando mwembamba juu ya kitambaa, ipunguze kwa waiti spiriti ya duka la rangi. Asetoni na spiriti ya kidonda achana nazo. Haziiyeyushi, utabaki na mabonge. Heksani, kiyeyushi chepesi kitokanacho na mafuta ya petroli, inaiyeyusha vizuri sana, ila hukauka upesi mno: uso unapoa, unyevu wa hewa ya Dar unatua juu, utando unatoka na ukungu. Tena mvuke wake huumiza neva. Waiti spiriti inakupa nafasi ya kusawazisha. Koroga kidogo kidogo kwenye chupa ya glasi, ufunike haraka, maana silikoni hii hugandishwa na unyevunyevu, na huo hapa kwetu tunao wa kumwaga. Fanyia kazi barazani, mbali na jiko.